Maharusi ndio wenyeji: adabu za siku ya harusi kwa wanaooana Mbeya na Iringa

Mvua zikishakatika na mahindi yakaingia ghalani, kila Jumamosi Mbeya na Iringa kuna misafara ya harusi. Kwaresima imepita, hela ya mavuno ipo, na kanisa moja linaweza kufungisha ndoa mbili au tatu kwa siku. Maharusi wengi wanafika siku hiyo wakiwa wamejiandaa kwa gauni, suti na ukumbi, ila hakuna aliyekaa nao kitako kuwaambia waishi vipi na watu kwa zile saa kumi na kitu. Wanaingia ukumbini wakijiona wageni rasmi. Kwa harusi zetu za michango si hivyo hata kidogo. Mle ndani wameketi watu 300 waliolipia ule wali kabla haujapikwa, na wenyeji wao ni nyinyi wawili. Ukishika hilo, mengine mengi yanajipanga yenyewe.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo harusi nyingi zinapoharibikia.

Tuseme ibada ni saa 8:00 mchana. Bwana harusi na msimamizi wake wawe kanisani saa 7:30. Bibi harusi afike 7:50 akiwa garini, tayari kushuka. Sasa rudi nyuma kwa hesabu. Njia mpe dakika 40, kwa sababu kati ya Uyole, Mwanjelwa na Mafiati jijini Mbeya kuna malori ya kwenda Tunduma, na yakisimama yamesimama. Sala ya kuagwa na picha za nyumbani, dakika 40 nyingine. Gauni na shela, dakika 40, hasa kama mgongoni kuna kamba za kukaza. Nywele na vipodozi, saa 3. Ukijumlisha, bibi harusi anatakiwa kukaa mbele ya mpambaji kabla ya saa 3:00 asubuhi.

Wengi wanaijua hesabu hiyo na bado wanachelewa. Sababu ni wasindikizaji. Mpambaji ni mmoja, wasindikizaji ni 4, kila mmoja anachukua dakika 40. Hiyo ni saa 2 na dakika 40, na mara nyingi wao ndio wanaoanza, bibi harusi anaachwa mwisho "asichakae". Leteni mpambaji wa pili kwa ajili ya wasindikizaji, au bibi harusi apambwe wa kwanza kisha arekebishwe kwa dakika 10 kabla ya kuvaa. Vipodozi vya leo vinakaa, na kwa baridi ya Juni hakuna jasho la kuvifuta.

Mkichelewa nusu saa, mchungaji au padri atasubiri na mtasamehewa. Lakini nyuma yenu kuna maharusi wengine waliopangiwa saa 10:00, nao wana ukumbi wao na wageni wao kutoka mbali. Nusu saa yenu inakwenda kukaa kwenye sherehe ya watu msiowajua. Tunaomba sana mlifikirie hilo kabla ya kumwambia dereva azunguke tena mjini mpigwe video.

Kanisani adabu ni fupi. Kadi ya kitambulisho na cheti cha ubatizo viwe vimeshakabidhiwa siku nyingi. Taarifa ya ndoa yenyewe kisheria hutolewa angalau siku 21 kabla, na makanisani matangazo husomwa Jumapili kadhaa, kwa hiyo siku ile hakuna karatasi ya kutafuta. Majina kwenye cheti yalingane na ya kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi. Mashahidi wawili wajue wataitwa lini kusaini. Wapiga picha waonane na kiongozi wa ibada kabla, waoneshwe mstari wasiouvuka. Kama kanisa haliruhusu kubusiana, msilazimishe kwa sababu umati unapiga vigelegele. Kwaya na vijana wa matarumbeta wapewe soda na kitafunwa kabla ya kupuliza, na nauli yao iwe kwenye bahasha mkononi mwa mtu wa kamati. Kuwaambia "tutaonana ukumbini" ni kuwakimbia, maana wengi wao hawana kadi ya ukumbini.

Njiani, msafara upite upande wake. Kutoa viwiliwili madirishani kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, yenye malori yanayoteremka Mlima Nyoka breki zikiwa za moto, si furaha. Mpiga video aliyekaa kinyumenyume kwenye bodaboda mbele ya gari la maharusi naye ana mama yake. Halafu kuna jambo ambalo watu wa nyanda hizi wanaliangalia kuliko gauni lako: mkipita penye msiba, honi na matarumbeta vinyamaze kuanzia mita 100 kabla hadi mita 100 baada. Mwenyekiti wa kamati aulize asubuhi kama kuna turubai la msiba kwenye njia mliyopanga. Likiwepo, madereva wote waambiwe kabla ya kuondoka, kwa sababu wa gari la saba hasikii anayonyamazia wa kwanza.

Picha sasa. Juni na Julai jua linazama karibu saa 12:30 jioni, na mwanga mzuri unaanza kufifia mapema zaidi mkiwa upande wa kivuli cha mlima. Ibada ikiisha saa 10:00, picha za familia zipigwe palepale kanisani kwa dakika 30, huku mtu mmoja wa kila upande akiwa na orodha ya makundi mkononi: wazazi, babu na bibi, mashangazi, wajomba, kaka na dada. Bila orodha, babu anasimama juani mara nne akiitwa na kurudishwa. Picha zenu wawili zipewe dakika 45 tu, mahali pamoja. Iringa wengi wanakwenda Jiwe la Gangilonga, ni karibu na mjini na mwanga wa jioni pale ni mzuri; bibi harusi awe na viatu vya kubadilisha, kisigino chembamba hakipandi jiwe. Kwenda mahali pawili au patatu ndiko kunakowaweka wageni ukumbini hadi saa 3:00 usiku wakitazamana na maua ya plastiki.

Na baridi jamani. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Njombe na Makete ni zaidi ya hapo. Gauni la mabega wazi liwe na shali au koti jeupe jepesi, na wazee wapangiwe meza za mbali na mlango. Kuna maharusi wanaoacha milango miwili ya ukumbi wazi kwa ajili ya waya za taa za kupigia picha, huku bibi wa miaka 80 amekaa kwenye upepo. Angalieni hilo nyinyi wenyewe mkiingia, au mtumeni msimamizi akaangalie.

Ukumbini, maharusi waingie saa 1:00 usiku, na chakula kisivuke saa 2:30. Sababu zipo wazi: kuna wageni waliotoka Kyela na Tukuyu na watarudi usiku uleule, kuna wajawazito na wenye kisukari, na kwa baridi yetu wali uliopakuliwa saa 1:00 ukifika saa 4:00 umeshaganda hata kama ulikuwa mchele wa Kyela. Ratiba ikichelewa kwa saa nzima, mwambieni MC akate dansi la ufunguzi, michezo ya mshereheshaji na utambulisho mrefu. Chakula kisicheleweshwe, na neno la shukrani lisikatwe. Makubaliano haya yafanyike siku tatu kabla, kwa maandishi, kwa sababu siku ile MC hawezi kuja kuwauliza mezani.

Mkifika meza kuu, hapo ndipo kazi ya wenyeji inapoanza, na ndipo wengi wanapoganda kama sanamu za kupigia picha.

Hesabu ya salamu ni hii. Wageni 300 wakipanga foleni kuja kugonganisha glasi, kila mmoja sekunde 10, ni dakika 50. Baadaye wanapanga foleni tena kuleta zawadi, dakika 50 nyingine. Jioni imeisha. Unganisheni foleni hizo mbili ziwe moja: mgeni aje na zawadi, agonge glasi, apewe mkono, apite. Au mfanye tunachokipenda zaidi: wageni wakiwa wanakula, maharusi wale haraka kwa dakika 15 halafu wazungukie meza. Meza 30 za watu 10, dakika moja kila meza, ni nusu saa. Mtu aliyekaa meza ya 28 kule nyuma, aliyechangia 50,000 akiwa na watoto wake wa kusomesha, akifuatwa mpaka alipo na kuambiwa asante kwa jina lake, anaondoka na kitu ambacho bafe halimpi. Msimamizi atembee hatua moja mbele na orodha ya meza, awanong'oneze majina.

Namna ya kusalimia nayo ina uzito wake huku kwetu. Mzee akija, maharusi wanasimama, hata kama wamesimama mara 40. Mkono wa kulia unatolewa, wa kushoto unashika kifundo au kiwiko cha mkono wa kulia, kichwa kinainama kidogo. Shikamoo inatoka kwenu kwanza. Familia nyingi za Wahehe, Wabena na Wanyakyusa zinategemea bibi harusi apige goti au achuchumae mbele ya wazazi na wakwe, na hapa gauni ndilo linalomwangusha: lile la kubana mapajani na kuachia chini haliruhusu goti. Siku ya kulipima kwa fundi, piga goti mbele yake, kaa hesabu ya 10, simama kwa msaada wa mkono mmoja tu. Ukishindwa, fundi aachie mshono kuanzia juu ya goti au aongeze mpasuo wa ndani wenye kitambaa. Msimamizi wa bibi harusi ajue kazi yake ni kushika mkia wa gauni kabla goti halijashuka, la sivyo bibi harusi anainuka akikanyaga kitambaa chake mwenyewe.

Keki inahitaji maneno zaidi, kwa sababu kwenye keki ndipo adabu za picha za mitandaoni zinapogongana na adabu za ukoo. Kulishana nyinyi wawili: kipande kiwe na ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kwa uma au kijiti, kiingie mdomoni bila kurudiwa. Kupakana usoni wazee wanakuona ni kuchezea chakula, na krimu ya rangi haitoki kwenye gauni jeupe. Kulishana kwa midomo mbele ya wakwe acheni kabisa. MC akishawishi, bwana harusi atabasamu, atikise kichwa mara moja, aendelee; ni vizuri MC akatazwe mapema ili asiwaweke kwenye mtihani huo.

Halafu keki ya wazazi. Kawaida bibi harusi anapeleka kwa wazazi wa mume na bwana harusi kwa wazazi wa mke. Hapa simameni muulize. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, mila ya tangu zamani ni mkamwana kumwepuka baba mkwe: hamtazami usoni, hamshiki mkono, wala hakutani naye njiani. Mjini imelegea sana, na wapo akina baba wanaomkumbatia mkamwana bila shida. Lakini zipo nyumba ambako bibi harusi akimtilia baba mkwe keki mdomoni mbele ya watu 300, babu wa upande ule anainuka na kutoka, na hakuna atakayesema sababu mpaka mwezi upite. Wiki moja kabla, bwana harusi aende kwa shangazi yake mkubwa amuulize maswali matatu: baba anapewa keki na nani, mkono unatolewa au hautolewi, na wakati wa picha ya familia bibi harusi anasimama upande gani. Jibu likiwa la kuepukana, njia rahisi ni bibi harusi kupiga goti hatua 3 mbele ya wakwe na kumkabidhi sahani mama mkwe au shangazi, naye ampelekee mzee. Watu wanashangilia vilevile. Wapo pia wenye mipaka kati ya mama mkwe na mkwe wa kiume, kwa hiyo bwana harusi naye aulizie upande wa mke.

Na mpiga picha aambiwe. Anaweza kupiga kelele "mkumbatie baba!" na kuharibu kila mlichokipanga.

Utambulisho wa ndugu usizidi watu 15 kila upande. Karatasi anayopewa MC iwe imeandikwa kwa herufi kubwa, na majina yote kamili. Majina yanayoanza na Mwa- yanafanana kwa mgeni, na MC aliyetoka mkoa mwingine akiyachanganya anakuwa amewapa watu ukoo usio wao. Mkitaja wajomba, msiwaache mashangazi. Aliyekulea akiwa si mzazi wako wa kukuzaa atajwe mara tu baada ya wazazi, kwa cheo anachojulikana nacho nyumbani, awe mama mkubwa, bibi au kaka. Marehemu mzazi akumbukwe kwa sentensi moja, kabla muziki haujapanda.

Zawadi hupokelewa kwa mikono miwili, mnasema asante, mnampa msimamizi. Hamfungui, hampimi uzito, hamwangalii bahasha unene wake. Wakija akina mama wa kikundi wakicheza na vitenge, chezeni nao hatua chache hata kama miguu inauma. Wamefanya mazoezi wiki nzima. Bahasha ziingie kwenye sanduku lenye kufuli, na funguo akae nayo mtu ambaye si mlinzi wa sanduku. Kuhesabu kufanyike kesho yake, watu wawili wa kila upande wakiwepo, kila bahasha ikiandikwa jina na kiasi kwenye daftari. Daftari hilo mtalihitaji miaka 10 ijayo watoto wa hao watu watakapooa.

Simu za maharusi zikae kwa wasimamizi tangu asubuhi, zikiwa zimezimwa mlio. Ahadi za michango ambazo hazijalipwa ni kazi ya mhazini, na siku ya harusi hata mhazini amepumzika. Mtu aliyeahidi 100,000 akashindwa, akaja na shuka moja, anapokelewa kama wengine. Mlangoni napo muweke akiba: kwa wageni 300, sahani 20 zisizo na kadi. Watakuja wazee wa kijijini ambao hawajui kadi ya mtu mmoja na ya wawili ni nini, atakuja jirani aliyekesha akimenya viazi. Mlinzi awe na jina la mtu mmoja wa kumwita, asiwarudishe mwenyewe. Madereva, wapiga picha, DJ na wapishi wapelekewe chakula chao wakati uleule wageni wanapokula. Mpiga picha aliyekuwa nanyi tangu saa 2:00 asubuhi bila kula hawezi kuona vizuri saa 4:00 usiku, na picha zitaonesha.

Kuhusu vinywaji tusiseme sana. Fuateni makubaliano ya familia mbili, na kama upande mmoja ni wa kanisa lisilotumia kilevi, meza kuu isiwe nacho. Ulanzi, pombe ya mianzi, una nafasi yake nyumbani kesho yake, wazee wakiwa wameketi kwa utulivu. Bwana harusi anayeyumba wakati wa shukrani atakumbukwa kwa hilo hadi ubatizo wa mtoto wa kwanza.

Shukrani zenyewe ziwe dakika 3 kwa bwana harusi na 2 kwa bibi harusi, kwa kichwa au kwa kikaratasi kidogo, simu isitolewe. Mpangilio unaokubalika: Mungu, wazazi wa mke kwa kumlea, wazazi wa mume, walezi na wasimamizi, kamati kwa cheo cha mwenyekiti, waliosafiri, waliochangia na waliopika. Msitaje wachangiaji watatu wakubwa kwa majina, kwa sababu wale 200 wengine wamekaa hapo wakisikiliza. Msitaje kiasi. Neno moja la lugha ya ukweni linafungua mioyo kuliko hotuba: bwana harusi wa Iringa aliyeoa Rungwe akisema "ndaga fijo", yaani asante sana, au wa Mbeya akianza na salamu ya "kamwene" mbele ya wakwe wa Kihehe, ukumbi wote unainuka. Mfundishwe matamshi siku moja kabla na mtu wa upande ule.

Kuondoka kuna utaratibu wake. Msitoroke kupitia mlango wa jikoni. Mkiona saa 5:30 usiku imefika na wageni wa mbali wamekwishaondoka, waendeeni wazazi wa pande zote walipokaa, waageni, muwaombe ruhusa, kisha MC atangaze. Wageni wengi wenye heshima hawaondoki kabla ya maharusi, kwa hiyo mkikaa hadi saa 8:00 mnawashikilia watu wenye ibada asubuhi.

Siku zinazofuata, ndani ya wiki 2, kila jina la kwenye daftari lipate ujumbe wake. Ule mmoja uliotumwa kwa kundi zima hauhesabiki. Kwa wazee piga simu, na kwa waliokaa karibu nendeni kwa miguu. Vyombo vilivyoazimwa, masufuria ya jumuiya, viti vya kanisa, turubai la jirani, virudi kabla ya Jumatano, maana Jumamosi inayofuata kuna harusi nyingine inayovisubiri. Sufuria lisuguliwe masizi nje na ndani, na ndani yake muweke kitu, hata kilo moja ya mchele au sabuni ya mche. Mwenye sufuria akifunua mfuniko atajua aliazimisha watu.